Mgeni wa Mti wa Miiba

Mwezi wa Novemba, huko Farsta, Uswidi, jua huzama kabla watu hawajamaliza chai ya alasiri. Giza lilikuwa limeanza kushika madirisha Jumamosi ile, Dafrosa alipomtuma mumewe, Anselmo Mallya, ashuke stoo ya chini ya jengo akalete bia nyeusi.

"Chupa zote, Baba Flaviana," alimwambia kutoka jikoni. "Japhet akionja moja hataondoka."

"Japhet hata akionja maji haondoki."

Walikuwa wakiwangoja Japhet na mkewe Truphosa, rafiki zao wa siku nyingi, waje waonjeshwe Ayalandi. Tangu yeye na Anselmo warudi likizo huko mwezi wa Agosti, Dafrosa hakuwa na hadithi nyingine. Sufuriani mlitokota mchuzi wa kondoo kwa viazi na karoti. Mkate wa magadi ulikuwa ukiumuka katika oveni. Vyote alijifunza kwa Bi Nuala Considine, mwenye nyumba ya wageni walikofikia, katika kaunti ya Clare, magharibi ya nchi ile.

Walikuwa wamefurahi kweli huko. Mchana walitembea kando ya majabali yaliyosimama wima juu ya bahari ya Atlantiki, na kuta za mawe zikikata majani mabichi mpaka upeo wa macho. Jioni walikula kome kwa siagi ya chumvi, wakanywa bia nyeusi yenye povu zito kama mtindi, huku mzee mmoja akipiga fidla. Nyumba ya Bi Nuala ilinuka moshi wa udongo wa bwawani, ambao watu wa kule huukausha na kuuchoma kama kuni. Harufu ile ukishaizoea huwezi kuisahau.

Siku ya mwisho walipanda kilima cha nyuma ya nyumba, kila mtu na bilauri yake. Juu kulikuwa na mti mmoja tu, mti wa miiba uliopindwa na upepo, umezungushiwa mawe. Anselmo ni mzaliwa wa Kibosho, na Mchagga wa umri wake hanywi mahali pageni bila kumwaga kidogo chini. Akamwaga.

"Babu zangu, pokeeni," alisema. "Nawe mwenye mahali hapa, nisiyekujua jina, asante kwa kutukirimu. Karibu nyumbani kwetu."

Dafrosa, nyuma yake, akacheka, akaitikia kama anavyoitikia siku zote mumewe anapoalika mtu: "Karibu sana. Kwetu ni kwako."

Upepo ukakatika.

Walipomsimulia Bi Nuala, hakucheka. "Mlimwambia mnakaa wapi?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi labda hamkufanya vibaya sana." Lakini asubuhi yake, walipokuwa wakipakia mizigo, hakutoka kuwaaga.

Anselmo hakuwa amelifikiria jambo lile tena. Alishuka kwa lifti, akapita ujia wa stoo wenye vimilango vya wavu, akafungua kufuli lake. Taa za kule chini hujizima zenyewe usipotikisika. Aliinama kutafuta kreti, na taa ikazima.

Kisha ikamjia ile harufu.

Moshi. Si wa sigara, si wa kuni...

"Hodi," sauti ikasema gizani.

Katika maisha yake yote ya Uswidi, hakuna mtu aliyewahi kumpigia Anselmo hodi stoo. Lakini mtu aliyelelewa vizuri, akipigiwa hodi, mdomo hujibu kabla ya akili.

"Karibu."

Taa ikawaka. Mlangoni alisimama mtu mrefu, koti lake la sufu limelowa umande, viatu vimejaa tope. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa. Uso ulikuwa wa kijana.

"Nimefika," alisema. "Ni mbali kwenu."

Ni lugha gani aliyosema, Anselmo hakuweza kusema baadaye. Alimwelewa tu.

"Wewe ni nani?"

"Ulinialika bila kunijua jina. Sasa la nini?"

Anselmo akainua kreti, akapanda naye. Angefanyaje? Mgeni aliketi kwenye kiti cha mwenye nyumba bila kuonyeshwa. Dafrosa alimtazama, akamtazama mumewe, akaona uso wa mumewe, akachukua sahani. Alipakua.

"Karibu chakula," alisema kwa sauti ndogo.

Mgeni alikula. Sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akamega mkate, akaupaka siagi kwa kidole gumba. "Mzuri," alisema. "Ladha ya kwetu." Dafrosa alirudi jikoni na bakuli tupu, akafunua sufuria. Mchuzi ulikuwa umejaa mpaka ukingoni, kama haujaguswa.

"Mpigie Japhet," alimnong'oneza mumewe.

Anselmo alipiga. Simuni mlikuwa na upepo. Mbali sana, ndani ya upepo, fidla.

"Basi twende. Twende tu, Baba Flaviana, tumwache humu."

"Ngoja nitazame ngazi."

Alitoka, akashuka kwa miguu. Ghorofa baada ya ghorofa, mkono ukutani. Badala ya kufika mlango wa barabarani alifika mlango wenye jina *Mallya* juu ya tundu la barua, na kutoka ndani ikamjia harufu ya mchuzi wake mwenyewe. Alishuka tena. *Mallya*. Mara ya tatu hakushuka. Alikaa kwenye ngazi kidogo, akaomba kimoyomoyo, akaingia ndani.

Dafrosa alikuwa amesogeza pazia.

"Njoo uone."

Hapakuwa na maegesho. Hapakuwa na stesheni wala taa za maduka. Chini ya dirisha kulikuwa na majani mabichi, kuta za mawe, na kilima. Juu ya kilima, mti wa miiba. Nyuma yake bahari ilipanda na kushuka bila sauti. Ilikuwa mandhari ile ile waliyoipiga picha mara nyingi mwezi wa Agosti. Picha mojawapo ilikuwa imetundikwa ukutani, kando ya dirisha hilo hilo.

"Mliniambia kwenu ni kwangu," mgeni alisema nyuma yao, akitafuna. "Kwangu ndivyo kulivyo."

"Na sisi," Anselmo akauliza, "tutatoka lini?"

"Mnatoka kwenda wapi? Mwenye nyumba hajawafukuza."

Kijiko kiligonga sahani. Kikagonga tena.

Hapo ndipo Anselmo alipokiona chungu cha maua pembeni ya dirisha. Alinunua mche ule katika duka la Skärholmen. Kibandiko kilisema *Dracaena fragrans*, naye alikibandua siku ile ile, kwa sababu mmea ule una jina lake. Ni isale. Uchaggani hupandwa mipakani na makaburini, na aliyekosa akikuletea jani lake lililofungwa fundo, humkatalii msamaha. Hata aliyeuliwa mwana hakatai.

Alichuma jani moja. Akalifunga fundo. Akapiga magoti, magoti yake mabovu yakalia, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Nilikualika nisiyekujua," alisema. "Nilikosa. Naomba uniachilie neno langu."

Mgeni aliacha kutafuna. Alilitazama jani muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Limetoka wapi hili?"

"Kwetu."

"Mnatembea nalo hata huku?"

"Hata huku."

Akalipokea. Akalinusa, akalitia ndani ya koti. "Wewe nimekuachilia," alisema. Akafuta mdomo, akasimama, akampa Anselmo mkono wa kwaheri. Mkono ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Dafrosa hakuagwa.

Mlango ukafungwa. Papo hapo simu ikalia.

"Mzee, mnatugandisha huku nje," ilikuwa sauti ya Japhet. "Mmebadilisha namba ya mlango, au mmejifungia mle peke yenu?"

Walipanda wakicheka, theluji mabegani. Truphosa alinusa hewa. "Mama Flaviana, kwani mmechoma nini? Nyumba inanuka kama shamba."

"Ndivyo Ayalandi inavyonuka," Anselmo alijibu. Alishangaa kusikia sauti yake ni ya kawaida.

"Huyu sasa ni Mwairishi kabisa," Japhet akasema. "Kesho ataanza kunywa chai bila tangawizi." Akajipakulia. Sufuria ilikuwa karibu tupu, akalalamika.

Dafrosa alikuwa bado dirishani.

Anselmo akamwendea. Chini, magari yalikuwa yamepangana kwenye maegesho, na treni iliingia stesheni na madirisha yake yenye mwanga. Pumzi ikamshuka.

"Yamekwisha, Mama Flaviana. Njoo tule."

"Wewe unaona nini huko nje?" aliuliza taratibu.

"Magari. Treni. Yule mama wa ghorofa ya kwanza na mbwa wake."

Dafrosa akasogea karibu zaidi na kioo.

"Kwani kuna nini?"

"Mimi naona kilima."

"Na mti," alisema. "Amekaa chini yake. Pembeni ameacha nafasi ya mtu."

Anselmo akaisikia tena ile sauti iliyocheka nyuma yake kule kilimani. *Kwetu ni kwako.* Maneno yale hakuyasema yeye. Alikuwa ameomba msamaha wa neno lake tu.

Alichuma jani la pili, akalifunga fundo, akatoka mbio mpaka mlangoni. Ujia ulikuwa mtupu. Ulinuka sabuni ya sakafu.

Jani alikuwa nalo. Wa kupewa hakuwapo, wala asingekuja bila kuitwa.

Nyuma yake Japhet alikuwa akiita kuuliza kama kuna bia nyingine. Dafrosa alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo. Taa ya ngazi ikazima, kama zinavyojizima zote, na kutoka chini moshi ukaanza kupanda, polepole, ukasimama mbele ya mlango.

Anselmo alifumba macho.

"Karibu," akasema.