Mabango Matatu kwa Duncan

Soko la Bolton, kaskazini mwa Uingereza, siku ya Jumamosi lina kelele za kumsahaulisha mtu jina lake. Muuza samaki anaita, muuza pai anaita, mvua nayo inapiga juu ya paa. Katikati ya kelele hizo, mbele ya meza ya jibini, alisimama mwanamke mwenye koti la kijivu, sketi ya kijivu na viatu vya kijivu, ameshika kishikwambi kifuani kama mtu aliyekumbatia kitabu cha nyimbo kanisani.

Aliitwa Kirsty Entwistle, umri wake miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu maoni yao juu ya viongozi. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na kampuni ilimkataza kuvaa nyekundu, buluu, njano au kijani, watu wasije wakadhani ametumwa na chama.

"Kaka, una dakika tano? Ni maswali ya uchaguzi."

"Kwako, kipenzi, hata kumi," alijibu mwenye meza. Huyo ndiye Duncan Haslam, mabega mapana, aproni nyeupe, masikio mekundu kwa sababu ya ubaridi wa friji.

"Kiongozi wa wekundu. Anafaa sana kuwa waziri mkuu, anafaa kiasi, au hafai?"

"Sijui."

"Wa buluu?"

"Anajitahidi. Lakini... andika sijui."

"Wa njano?"

"Yule anayechekacheka? Mbwa wake nilimwona gazetini. Mbwa nampa kura. Yeye mwenyewe sijui."

Bibi Pilkington, mteja wa kila Jumamosi, alikuwa nyuma na kikapu chake, akaingilia. "Huyo wa wekundu anaongea kama anasoma maelekezo ya dawa! Wa buluu alisema atapunguza kodi, halafu akasema hakusema. Mimi nimepigia wekundu miaka sitini kwa sababu baba yangu alikuwa mwekundu. Sasa nikibadilisha nitamwambia nini nikimkuta huko juu?"

"Bibi, samahani, wewe sijakuuliza," alisema Kirsty kwa upole. "Tunachukua watu kwa hesabu."

"Hamniulizi! Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza! Ndiyo maana nchi imeharibika."

Kirsty alifika mwisho wa maswali, akacheka bila kutaka. "Maswali ishirini na mawili, na sijui ishirini na mbili. Kaka, mtu kama wewe hajawahi kutokea."

"Niulize ninalolijua."

"Kama lipi?"

"Kama naitaka namba yako ya simu."

"Hilo halimo kwenye orodha."

Duncan alikata kipande cha jibini, kile kinachomeguka chenyewe, akampa kwenye ncha ya kisu. Kirsty alionja. Kwanza chumvi, kisha maziwa, halafu ukali kidogo nyuma ya ulimi. Alikula mpaka makombo ya kidoleni, kisha akaandika namba yake kwenye karatasi ya kufungia jibini.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni Duncan akishaosha meza alipiga simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Kipenzi unamwita hata muuza samaki."

"Muuza samaki simpigii simu."

"Leo nimeuliza watu arobaini," Kirsty alimwambia siku moja. "Mzee mmoja kaniambia wa buluu ni mwizi, wa njano ni mjinga, na wa wekundu ni boya. Nikamuuliza, basi utampigia nani? Akasema, yule mwizi, maana nimeshamzoea."

Duncan alicheka mpaka akakohoa. "Na wewe je? Unampigia nani?"

"Kazini sina maoni. Nikiwa na koti hili mimi ni ukuta."

"Ukuta mzuri."

"Acha zako!"

Walitembea wikendi hadi wikendi, wakala pai kwenye benchi mbele ya ukumbi wa mji, wakanyeshewa. Siku moja kwenye benchi hilo Kirsty alimuuliza, "Duncan, unanipenda?" Duncan akasema ndiyo hapo hapo, hata pumzi hakuvuta. Kirsty alifurahi siku mbili. Ya tatu akaanza kujiuliza mbona jibu lilikuwa jepesi vile. Aliwahi kuishi miaka mitano na mwanamume aliyemkubalia kila kitu, rangi ya mapazia, likizo, tarehe ya harusi, mpaka asubuhi moja akamkuta mlangoni na sanduku la nguo. Katika miaka mitano ile hakuwahi kumsikia akisema hapana. Majeraha ya namna hii Mungu huyaponya taratibu, na mtu akiguswa hapo kabla hayajafunga, anaruka.

Wiki moja kabla ya uchaguzi Kirsty ndiye aliyepiga simu.

"Bosi wangu, Bwana Fenwick, ananitaka ofisini, kule mbali Newcastle. Nisiende tena sokoni wala milangoni kwa watu. Nikae na kompyuta, nichambue majibu waliyokusanya wengine. Nimemwambia nitafikiria. Anataka jibu Alhamisi ya kura, kabla ya saa kumi na moja jioni."

"Hicho ni cheo," alisema Duncan.

"Ni cheo. Niende?"

Kirsty aliisikia friji ya jibini ikinguruma.

"Nenda, kipenzi. Ndiyo. Nenda."

"Wewe unataka niende?"

"Ukitaka wewe, na mimi nataka."

Maskini Duncan! Aliamini kwamba ampendaye mtu hamzibii njia. Kirsty naye alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, akiomba moyoni asikie neno jingine. Kila mmoja alikata simu akidhani mwenzake ameridhika.

Kesho yake Kirsty alinunua pai ya nyama na viazi, bado ina moto, akaenda nyumbani kwa Duncan ili wazungumze ana kwa ana. Alipokunja kona alisimama. Kwenye kibustani cha mbele, kidogo kama mkeka, mabango matatu ya vyama yalikuwa yamechomekwa kwenye udongo. Moja jekundu, moja la buluu, moja la njano. Kila moja linasema nyumba hii ni yetu.

Duncan alifungua mlango akiwa na soksi.

"Duncan, hii ni nini?"

"Ah. Hiyo." Akajikuna sikio. "Wekundu walikuja Jumatatu, wamelowa chapachapa. Wakaniuliza, tukutegemee? Nikasema ndiyo. Jumanne akaja mama wa buluu, goti lake bovu, kapanda kilima chote hiki kwa miguu..."

"Na njano?"

"Hao niliwapa chai. Walikuwa wamechoka sana, Kirsty."

"Lakini utampigia nani?"

"Sijui! Namsikia huyu namwona ana haki, namsikia yule naye namwona ana haki, nikifika kitandani sikumbuki nani alisema nini."

"Kwa hiyo mwenye kishikwambi anapata sijui, na anayegonga mlango anapata ndiyo."

"Sikutaka kumvunja mtu moyo."

"Na mimi nilikuwa mgongaji wa ngapi?"

Duncan akanyoosha mkono aipokee pai, Kirsty akairudisha nyuma.

"Uliniambia unanipenda, ndiyo. Nikakuuliza niende, ndiyo. Duncan, ungenikatalia hata mara moja, jambo dogo tu, ningekuamini hayo mengine." Akaiweka pai juu ya ukuta wa bustani, akashuka kilima bila kugeuka. Mvuke wa pai ulibaki unapanda pale kati ya mabango.

Duncan alipiga simu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Haikupokewa. Sokoni alimpa mteja jibini asiyoiomba, akamrudishia mwingine chenji mara mbili. Wateja walibishana juu ya mdahalo wa televisheni, nani kashinda, nani kashindwa hata kukaa vizuri kwenye kiti, naye aliwaitikia wote kwa kichwa. Kisha akajiona anavyoitikia. Akaacha.

Alhamisi ilifika na jua, jambo ambalo halikutegemewa. Kura ilipigwa katika shule ya msingi chini ya kilima, mbwa wamefungwa kwenye uzio wakiwasubiri wenyewe. Kando ya mlango waliketi watu watatu wa vyama, maua ya kitambaa ya rangi za vyama vyao kifuani, wakiuliza kila anayepita namba yake ya mpiga kura ili wajue kati ya wafuasi wao nani keshafika na nani bado. Nje ya geti alisimama Kirsty na sanduku lake la kura za mfano. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kumsimamisha kila mtu wa kumi anayetoka, ampe karatasi ya mfano, mtu aweke tena alama ile ile kwa siri, atumbukize. Kuchagua chagua hakuruhusiwi. Duncan alijua atamkuta hapo, maana Kirsty alikuwa amemwambia zamani, walipokuwa wanacheka.

Saa tisa na nusu mchana alishuka kilima na mabango matatu kwapani. Mtaa mzima ulimtazama. Kirsty alimwona, akaangalia pembeni.

Duncan alikwenda moja kwa moja kwa wale watatu.

"Kaka, samahani, chukua bango lako. Siwezi kukuahidi."

"Lakini tumekuandika wetu!" alisema wa wekundu.

"Najua. Niliona haya. Na wewe kaka wa njano, hili hapa. Mama, na lako."

Mama wa goti bovu alicheka mpaka ua likamtikisika kifuani. "Mwanangu, nusu ya mtaa huu wametuahidi sisi na wenzetu. Wewe ndiye wa kwanza kurudisha bango."

Akaingia ndani. Alisimama na penseli iliyofungwa kamba muda mrefu, mpaka msimamizi akakohoa. Mwishowe aliweka alama yake moja. Aliiweka wapi, anajua yeye na Mola wake.

Alipotoka alisimama mlangoni, akaanza kuwahesabu waliotangulia kuelekea getini tangu Kirsty alipomsimamisha mtu wa mwisho. Saba. Nane. Tisa. Mtu wa kumi alikuwa Bibi Pilkington, ameshatoka ukumbini, anavuta kikapu.

"Bibi, subiri. Nipishe nitangulie."

"Nikupishe? Nimehesabu mwenyewe kwa vidole! Wa kumi ni mimi. Leo naulizwa!"

"Bibi, nina shida na yule dada."

"Shida yako ni yako. Nipishe, Duncan, ulivyo mtoto mzuri."

"Hapana, bibi."

"Nini?"

"Hapana! Leo hapana!"

Mbwa mmoja alibweka. Bibi Pilkington alishika kifua. "Duncan Haslam! Miaka kumi na miwili nanunua jibini kwako! Umenikatalia mimi?"

Kirsty alikuwa amesikia kila neno. Duncan alifika mbele yake akihema, ngozi ya shingo imekuwa nyekundu.

"Mimi ni wa kumi," alisema. "Niulize."

"Umeruka foleni makusudi," alisema Kirsty. "Aliyejipanga mwenyewe hahesabiwi. Hapana, kaka. Bibi, karibu, chukua karatasi yako."

Bibi Pilkington akaipokea kama anapokea komunyo, akageukia ukuta ili asichunguliwe.

"Basi nisikie bila karatasi," alisema Duncan. "Niliposema nenda, nilidanganya. Sitaki uende Newcastle. Nakwambia kwa mdomo wangu, hapana, sitaki. Ukienda nitanyamaza, lakini usiende ukidhani nilifurahi. Na wewe mwenyewe, Kirsty, ofisi ile unaipenda? Au Fenwick naye amegonga ukaona haya?"

Hakuna aliyewahi kumgeuzia Kirsty swali.

"Na nataka nikuoe," Duncan akaongeza, kwa sauti ndogo zaidi. "Hilo nimelifikiria siku saba. Nimelifikiria kuliko kura."

"Sijui," alisema Kirsty. Machozi yakamjaa. "Duncan, sijui. Sijui hili, sijui la Newcastle, sijui chochote leo."

"Sijui yako inaandikwa wapi?"

"Ina kisanduku chake. Mwisho kabisa."

"Basi weka alama. Mimi nipo hapa." Akaenda kuketi juu ya ukuta wa shule, karibu na mbwa.

Watu walitoka, wa kumi, wa ishirini, wa thelathini. Kirsty aliuliza, akatoa karatasi, akapokea. Mwanamume mmoja alimwambia amepiga kura huku ameziba pua, maana wote wananuka. Msichana mmoja alilia kwa sababu ni kura yake ya kwanza na hakuwa na hakika. Kirsty alimshika bega, kinyume cha sheria, na hapo akajua kwamba watu hawa, kwenye kompyuta, asingewaona.

Saa kumi na dakika arobaini na tano simu yake iliita.

"Bwana Fenwick. Ndiyo, ni mimi." Akamtazama Duncan pale ukutani. "Hapana. Ofisini siji... Hapana, si kwa ajili ya mtu. Kwanza kwa ajili yangu. La mtu bado nalifikiria."

Akaweka simu mfukoni. Duncan alikuwa amesimama. Kirsty alimwinulia kidole, tulia.

"Zamu yangu inaisha saa moja jioni. Na lile swali lako, niulize tena siku nitakayovua koti hili."

Jumamosi mshindi alikuwa ameshajulikana, na sokoni watu hawakujua kama wamefurahi. Waliomchagua walisema ngoja tuone. Waliomkataa walisema tuliwaambia. Bibi Pilkington alikuwa anamsimulia kila mtu kwamba kampuni ya maoni imemuuliza yeye, na hakumwambia mtu alichojibu. Kwa Duncan alinunua jibini nusu ya kawaida, kumwonyesha kwamba bado hajasamehe.

Saa tano Kirsty aliingia kwa mlango wa upande wa samaki. Alivaa koti jekundu, kitambaa cha buluu shingoni, na soksi za njano zilizofika magotini. Muuza samaki alipiga mluzi. Akasimama mbele ya meza ya jibini, mikono mitupu.

Duncan aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akamuuliza.

Kirsty hakujibu hapo hapo. Alimtazama, akatazama jibini, akatazama mvua iliyoanza tena juu ya paa. Bibi Pilkington alishindwa kuvumilia, akasema, "Mjibu basi, mtoto wa watu atazimia!"

"Ngoja, bibi," alisema Kirsty. "Nafikiri."

Akafikiri. Kisha akasema ndiyo.