Seramu Kwenye Koti la Nduku

Koti jeupe la Nduku, lililoanikwa likakauka, lilikutwa na mate. Yalikuwa mazito, ya kuvutika, na yalinuka majani yaliyocheuliwa. Alilishika kwa vidole viwili. Kwenye ploti yao pale Sultan Hamud hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Nduku alikuwa na mimba kubwa, baada ya mbili kuharibika. Alifanya kazi katika maabara ndogo ya magonjwa ya mifugo, wanakokuza chembe hai kwenye chupa. Chembe hizo hulishwa seramu, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiganda, na hii hutolewa kwa ndama aliye bado tumboni, mama yake akishachinjwa. Hugandishwa kwenye friza, kisha huyeyushwa polepole ndani ya friji. Siku chache kabla ya mate hayo, Nduku aliona uvivu kungoja. Aliitumbukiza chupa kwenye maji moto, ikapasuka, seramu ikammwagikia koti hadi tumboni, vuguvugu, yenye nyuzi kama kamasi. Akajipangusa kwa tishu na kuendelea na kazi, uchafu ambao hata mwenye bucha hangeuvumilia.

Harufu ya uzazi ikamganda. Alioga, akajisugua, wapi! Kisha mchana mmoja, akiwa ameinamia friza, alisikia pumzi moto ubavuni, halafu ulimi asiouona, mpana, wenye makwaruzo, ukapita juu ya tumbo lake taratibu, ukiloanisha gauni hadi ngozini, na mtoto ndani akageuka kuufuata, na Nduku akatapika pale pale, akatapika tena alipoona uzi wa mate ukining'inia kitovuni.

Mama mkwe wake, Kathini, alishuka kutoka Mbooni. Alimnusa, akasikia habari ya seramu, kisha akauliza kwa sauti ya chini watu hufanya nini ndama akifa na ng'ombe akakataa kukamuliwa.

"Wanavalisha ndama ingine ngozi ya ile imekufa, mwaitu," Nduku alimnong'oneza mama mkwe. "Ng'ombe akinusa, anachukua ni yake."

"Sasa mama ya huyo ndama ya seramu anatafuta. Jini ni jini hata ikikuja na kwato. Na wewe umevalisha mjukuu wangu hiyo ngozi."

Walichoma koti. Pasta Mulinge na akina mama wa kanisa wakakemea hadi sauti zikakauka, na kweli, pumzi ile ikatoweka. Nduku akajifungua mvulana mzima, akalia kwa furaha.

Ila mtoto hakutaka titi. Aliligeuzia uso kama aliyekinai, huku matiti ya mama yake yakijaa na kuuma. Nesi Mumbua, akihofia mtoto atakonda, alimpima. Alikuwa ameongezeka uzito. Akamweka begani, na mtoto akacheua maziwa mazito ya manjano, yenye povu na manyoya mekundu ya ng'ombe, yakamtiririka nesi mgongoni.

"Mama Baby," nesi aliuliza polepole, "umempea nini huyu?"

Nduku alinyoosha mikono ampokee mwanawe, yule aliyemwomba Mungu miaka yote. Harufu ya kinywa chake, ile ya majani yaliyocheuliwa, ikamfikia, na mikono ikarudi yenyewe.