Glasi ya Askari wa Saba

Don Eleuterio, fundi saa mstaafu wa hapa Asunción, alikuwa na vifaru vya kivita mia na tatu, kila kimoja kinaenea kiganjani. Usimwambie ni vya watoto. Atakununia mwezi mzima. Mke alishafariki, watoto hakujaliwa. Tereré, chai ya baridi tunayoinywa kwa kupokezana, yeye alijipa na kujipokea mwenyewe.

Mwaka ule aliunda vita vya Chaco, nyika kame tuliyoigombania na nchi jirani: kifaru kimoja na askari saba wadogo. Wa saba alimchora sura ya baba yake, aliyepotea huko kwa kiu kabla yeye hajazaliwa. Na kwa vile alitaka kila kitu kiwe cha kweli, akaagiza vumbi la palepale kikosi kilipopotelea, akawanyunyizia.

Kesho yake, saa ya kulala mchana, glasi ya kusuuzia brashi ilikuwa kavu. Akaijaza. Ikakauka tena. Askari wa saba alikuwa amebanduka rangi midomoni.

Eleuterio hakuogopa. Alifurahi, masikini. Kila adhuhuri akamwekea maji safi na kumpa habari za nyumbani. Miaka sabini hakuwahi kumwita mtu baba.

Jirani yake, Ña Ceferina, akamfuma.

"Mzee mwenzangu, unaongea na nani?"

"Na baba."

Akaitazama glasi. Maji yalikuwa yanashuka. Taratibu. Hakuna aliyeyagusa.

"Acha kumnywesha," akanong'ona. "Ukimnywesha haondoki. Njoo ukae kwetu siku tatu."

Alikwenda. Tuseme ukweli, woga ulikuwa kisingizio tu. Alitamani watu walio hai. Siku tatu alicheka, tereré ikizunguka mkono kwa mkono, na hakumkumbuka baba hata mara moja.

Siku ya nne akarudi. Mtungi mkavu. Chombo cha maua ya marehemu mkewe, kikavu. Mezani, alama mbili nyembamba za minyororo ya kifaru zilitoka vumbini hadi kwenye glasi. Askari sita walilala kifudifudi njiani. Wa saba alikuwa ndani ya glasi, mdomo umegusa kitako kikavu.

"Baba, nisamehe," akasema, akimimina maji hadi juu. "Kunywa. Nimerudi."

Akangoja mpaka jua likazama. Maji hayakushuka.

Glasi ile iko dirishani mpaka leo, mwaka wa tatu huu. Jua letu hukausha hata matope ya kisimani. Maji yale hayajapungua tone.