Doa la Manjano

"Dada, samahani. Hiyo njano ya kwapani, dawa ya klorini ndiyo inayoizidisha."

Foleni nzima ya benki iligeuka. Dada mwenyewe, muuza tiketi wa stendi, alikuwa ameinua mkono kumpungia mwenzake, blauzi nyeupe imemkaa sawasawa juu ya sketi ya bluu. Mkono ulishuka kama umeungua.

"Wewe kaka, umekuja benki kuangalia makwapa ya watu?"

"Mimi ni dobi," alijibu, aibu imempanda hadi masikioni. "Macho yameshazoea. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na siki nusu saa, kisha paka magadi soda, usugue taratibu. Itatoka."

Ilitoka. Siku ya nne alikuja mwenyewe dirishani kwa dobi, mikono juu, akijizungusha ili akaguliwe, na dobi, mtu mzima na akili zake, moyo ukamwenda mbio. Ikafuata miezi minne ya kuonana na kupigiana simu. "Umekula, Kwapa?" "Nimekula, Povu wangu." Mapenzi yana ujinga wake, na wao waliufaidi.

Asubuhi moja dobi alikuta mfuko mlangoni, na papo hapo simu ikaita.

"Povu, nimekuachia shati. Lina doa la manjano kwenye kola. Nalitaka leo jioni, ni la mtu muhimu sana. Wateja wamejaa, baadaye!"

Mtu muhimu? Lilikuwa shati la kiume, jeupe, pana kifuani. Dobi akajiambia kazi ni kazi. Unjano wa kola ni jasho, nani asiyejua? Akapaka sabuni, akasugua.

Doa likawa jekundu.

Aliruka nyuma, beseni likapinduka miguuni pake. Jekundu la rangi ya mdomo, tena pale pale shingoni! Miaka kumi na miwili ya udobi ilimtoka kichwani. Alichoona ni shingo ya mwanaume mwingine na mpenzi wake ameiinamia. Akampigia simu papo hapo.

"Umembusu nani shingoni?"

"Nini?"

"Rangi ya mdomo imejitokeza kwenye kola! Usinifanye mtoto."

Nyuma ya sauti yake abiria walisikika wakigombania tiketi.

"Shati ni la baba yangu," alisema, sauti imekauka. "Alikuwa anapika, akajikuna shingo kwa vidole vyenye manjano. Manjano ya jikoni! Jioni alitaka alivae aje kukuona wewe. Na niambie, miezi minne unanitazama, umewahi kuniona nimepaka rangi ya mdomo?"

Simu ikakatwa.

Dobi alikaa chini, kwenye maji yale yale. Yeye alisikia rangi, kumbe aliambiwa kiungo! Hata dobi wa wiki moja anajua kwamba manjano yakiguswa na sabuni hugeuka rangi ya damu ya mzee. Akasuuza, akamimina siki, wekundu ukarudi kuwa njano. Akalianika kwenye jua kali lifubaze kilichobaki, na kila robo saa akapiga simu isiyopokelewa.

Saa kumi, wateja wamejazana dirishani, mzee mmoja aliyevaa fulana ya ndani alipenya foleni. Muuza tiketi alikuwa nyuma yake, amekunja mikono.

"Wewe ndiye uliyesema binti yangu anabusu shingo za watu?"

Watu walishika vinywa. Dobi akatoka nje na shati mikononi, jeupe pe.

"Shikamoo, mzee. Nimekosa." Akamgeukia mpenzi wake. "Sijawahi kukuona umepaka rangi ya mdomo, hata siku moja. Wivu ulinipofusha. Nisamehe. Na mbele ya hawa wote, naomba nikuoe."

Binti akamtazama baba yake.

"Usinitazame mimi," mzee alisema, akivaa. "Nimefuata shati."

Machozi yalikuwa yanamlenga binti, na hasira bado haijamwisha. Akanong'ona kitu.

"Kasemaje?" aliuliza mama mmoja wa katikati ya foleni.

"Kasema ndiyo," mzee akajibu, akifunga vifungo. "Ila siku akishukiwa tena, atapaka kweli."