Uso wa Nta

Usijifanye hukumwona. Ulikuwepo sokoni Tabora asubuhi ile, pale vibanda vya vitambaa vinapopakana na mafundi wa mageti. Bati lilipoporomoka kutoka kwenye mkokoteni, paa!, mwanamke mrefu mwenye gauni la kitenge cha kijani na raba nyeupe alijitupa chini, kifua kwenye vumbi, mikono juu ya kichwa. Soko zima likaangua kicheko. Wewe hukucheka, najua. Wewe uliinama ukaanza kuchagua nyanya, na nyanya zako zilikuwa tayari mfukoni. Ndiyo maana naanza na wewe. Waliocheka, angalau walimtazama.

Mtu mmoja tu alishuka chini. Sabiri, fundi cherehani wa Isevya, mwembamba, futi ya kupimia shingoni, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia ya kufuma kichwani. Hakumvuta mkono kumwinua. Alijilaza pembeni yake, chini ya meza yake mwenyewe ya bafta.

"Afande, huku chini kuna nafasi ya wawili?"

Yule mwanamke, Eustadia, aligeuza shingo. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa. "Nani kakwambia mimi afande?"

"Raia anaanguka kama gunia la mpunga. Wewe umelala kwa mpango."

"Na wewe unalala hapa unatafuta nini?"

"Kofia yangu imeanguka. Mama akiiona na vumbi hili nitalala nje."

Kicheko kilimtoka Eustadia bila ruhusa. Akainuka, akajikung'uta, akaomba apimiwe bafta nyeupe, maana ndiyo iliyomleta. Sabiri akapima, akakata, akaongeza kipande.

"Hicho cha ziada cha nini?"

"Cha kukurudisha. Utafika nyumbani utaona kimezidi, utaona aibu, utakileta."

"Mimi sina aibu, fundi."

"Basi utakuja kunitukana. Mradi uje."

Akaja. Akaja tena. Sikio la kushoto la Eustadia lilikufa kwenye misheni ya kulinda amani nje ya nchi, kwenye mlipuko. Sabiri aligundua mwenyewe bila kuambiwa, akaanza kutembea upande wake wa kulia. Jioni walikula mihogo ya kukaanga karibu na stesheni, chumvi na pilipili vikiwawasha midomo. Sabiri alimwita "Kamanda". Mwanamke alimwita "Uzi".

"Uzi, umekula?" simu ya mchana.

"Nimekula, ila sauti yako sijashiba."

"Maneno ya Dar hayo. Umeyaokota wapi?"

"Redioni."

"Zima redio."

Haikuwa asali tupu. Eustadia alitoka kwa Wakatoliki wa Ziba. Sabiri alizaliwa kwenye nyumba ya Waislamu waliokaa Tabora vizazi na vizazi. Mama yake, Bi Asmahani, mtengenezaji batiki ambaye vidole vyake havijawahi kutakata rangi, aliuliza swali moja tu: "Mkono uliozoea bunduki utashika mwiko?"

"Mama, mwiko nitashika mimi."

"Astaghfirullah," akasema Bi Asmahani, akarudi kwenye sufuria zake.

Lakini lilikuwepo jambo ambalo Sabiri hakuuliza na Eustadia hakusema: bafta ile yote, na nta ya nyuki aliyokuwa akiinunua kwa wafuga nyuki, alikuwa anaifanyia nini.

Alikuwa anatengeneza kazi ya maonyesho. Kamati moja mjini iliandaa maonyesho ya wanawake wasanii ndani ya ghala la zamani. Mbele waliwekwa wanaofurahisha macho: vyungu vya Magreth, michoro ya hina ya Yasmini. Kona ya wanawake waliopita jeshini wakaipeleka chumba cha nyuma, karibu na stoo. Huko ndiko Marcelina, mwenzake Eustadia, alikoweka buti zake za udongo, kila buti lina vidole vya mguu vinavyotokeza mbele kama vinaomba hewa.

"Dada zangu," alisema Mathias, katibu wa kamati, tai yake nyekundu ikimbana koo, "wageni wanakuja kufurahi. Mngechora hata twiga."

"Mimi twiga sijamzika," Marcelina akamjibu.

Unashangaa? Mimi sishangai. Mji huu umekaa juu ya njia ya misafara. Wanawake walipita hapa kwa miguu kwenda pwani na kurudi, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, wengine wakifia njiani na kuachwa. Walioandikwa ni waliobebwa kwenye machela. Kumbukumbu yetu ilianza zamani kuchagua chumba cha nyuma.

Eustadia hakukataa chumba kile kwa sababu kilikuwa na dirisha kubwa la kuelekea magharibi, na kazi yake ilihitaji dirisha. Siku chache kabla ya ufunguzi alimpelekea Sabiri kitambaa kimekunjwa ndani ya gazeti.

"Nipindie pindo hapa juu nipitishe fimbo. Kingine usiguse."

"Sawa, Kamanda. Nisikichungulie pia?"

"Chungulia. Hutaona kitu." Alitabasamu aliposema hivyo. Alitaka Sabiri akione kwanza dirishani, kama watu wote.

Sasa sikiliza kosa lilivyotokea, maana lisingetokea kwa mtu mwingine. Sabiri alilelewa kando ya sufuria za batiki. Mtoto wa nyumba ile anajua kabla ya kujua kusoma: nta inawekwa ili izuie rangi, rangi ikishashika, kitambaa kinaingia kwenye maji yanayochemka na nta inatoka yote. Kitambaa chenye nta hakijamalizika. Kukionyesha watu ni sawa na kutoka nyumbani na nywele zilizosukwa upande mmoja. Alipokitandaza mezani aliona nta nzito, nyeusi kwa masizi, imejaa nyufa nyembamba zisizohesabika. Nyufa za nta ni kawaida. Masizi akadhani ni ya jiko. Akamwonea huruma: Kamanda wangu ameishiwa muda, na kuomba msaada hajui.

Akawasha moto.

"Kamanda," alipiga simu kesho yake, sauti imejaa furaha, "leo utanipenda mara mbili."

"Umefanya nini, Uzi?"

"Nimekumalizia kazi. Nimeichemsha, nta yote imetoka, nimeipiga na pasi. Njano yake inawaka, ukiiona—"

Alisikia kiti kikisukumwa upande wa pili.

"Kamanda? Umeniweka sikio gani?"

"Sabiri." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Umemchemsha Kabula."

"Kabula nani?"

Akakata.

Kabula nani! Wewe unamjua. Ni yule mwanamke wa kwenye video: stesheni ya Bukene, jua la utosi, amesimama amekakamaa, kwa kanga na ndala, anaipigia saluti treni inayopita. Kuna mtu akaongezea muziki wa kuchekesha. Uliipokea kwenye kundi la familia, ukaituma kwenye kundi la kazini.

Kabula ndiye aliyemkamata Eustadia kwa mkanda wa kiunoni baada ya mlipuko na kumburuta kwenye majani wakati risasi bado zinalia. Walirudi wote wawili hai, kwa maana kwamba walikuwa wanapumua. Kabula alirudi Bukene akapanga chumba. Majirani walimsikia akikohoa. Kisha hawakumsikia. Walipita mlangoni kwake wakienda kisimani na kurudi, wakapita tena, mpaka harufu ndiyo iliyowalazimisha kusukuma mlango.

Msibani Eustadia alitafuta picha ya rafiki yake. Haikuwepo hata moja. Kilichokuwepo ni vijana nyuma ya nyumba, wamezunguka simu, wanaitazama ile video na kubana midomo wasicheke. Basi akaapa kwamba uso wa mwisho wa Kabula duniani hautakuwa ule. Alitia bafta rangi ya njano, kisha kwa miezi akaipaka nta iliyotiwa masizi, tabaka juu ya tabaka, kisha akaichora kwa sindano ya gunia, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Mezani ilikuwa ni nyufa. Ikining'inizwa dirishani, mwanga ulipenya kwenye mikwaruzo, na Kabula akatokea anacheka, mwanya wake wa mbele umejaa jua.

Zaidi ya Marcelina, hakumwambia mtu. Aliogopa mtu aseme, "Aah, yule wa video?" Mtu pekee aliyemwahidi alikuwa Mama Recheli, mzazi wa Kabula: njoo Tabora siku ya ufunguzi, utamwona mwanao.

Sabiri alipiga simu mpaka chaji ikaisha. Akaenda mlangoni kwake.

"Kamanda, fungua."

"Nenda."

"Marcelina amenieleza. Eustadia, wallahi sikujua. Nilidhani ni nyufa."

"Kila mtu alidhani hivyo."

"Niambie nifanye nini."

"Uliambiwa usiguse," sauti ya ndani ikasema, bila hasira, na hilo lilimtisha zaidi kuliko matusi. "Nenda, Sabiri."

Siku ya ufunguzi Eustadia alivaa gauni jeusi la mikono mirefu, akakaa kwenye kiti chumba cha nyuma, mbele ya dirisha tupu. Mama Recheli aliingia, mdogo, kitambaa cheupe kichwani, mfuko wa matobolwa, viazi vya kukausha, mkononi.

"Mwangaluka, mayu," Eustadia akainuka.

"Mwangaluka, mwanangu. Nimewaletea viazi." Akatazama kuta, akatazama buti za Marcelina, akatazama dirisha. "Yuko wapi?"

Eustadia aliyesimama mbele ya risasi hakuweza kusimama mbele ya swali hilo. Alirudi kitini.

Sabiri akaingia na jiko la mkaa mkono mmoja, sufuria mkono wa pili, bafta begani. Macho mekundu. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyemfuta."

"Marahaba. Ulimfuta kwa nini?"

"Kwa maji ya moto. Sikujua ni yeye."

Mama Recheli aliuweka mfuko wake chini. "Wale wengine walijua ni yeye," akasema. "Simama."

Ndani ya sufuria ilikuwemo nta, imeganda, nyeusi. Sabiri alikuwa ameiengua juu ya maji yalipopoa, akachota mpaka chembe zilizonata kwenye kuta za chombo.

"Uliichota ya nini?" Eustadia aliuliza.

"Sikuweza kumwaga."

"Ile ilinichukua miezi. Siwezi kuifanya leo."

"Basi mimi nitakaa," Mama Recheli akasema, akavuta kiti.

Wakaanza. Sabiri alipuliza mkaa, akayeyusha, akashika bafta ikavutwa sawasawa kama ngozi ya ngoma. Eustadia akapaka. Nta ilimrukia kiganjani, akaendelea kupaka. Moshi ukajaa chumba. Mgeni rasmi alifika mlangoni na msafara wake, akaweka leso puani, akageuka. Mathias akacheka cheko la kuomba radhi, "Huku mheshimiwa ni moshi tu," akauvuta mlango ukafungwa. Watu wote wakaenda kwenye vyungu.

Jua lilipokuwa limeinama dirishani, wakaining'iniza.

Safari hii Kabula hakucheka. Sindano ilikwenda kwa haraka na mkono ulikuwa umeungua. Uso uliotoka ulikuwa wa mifupa, macho yamezama, kiganja kimewekwa kwenye paji la uso. Ni ile saluti, lakini hapakuwa na muziki. Hakuna binadamu ambaye angeitazama akacheka.

Eustadia akaanza, "Mama, nisamehe, nilitaka umwone anavyo—"

"Ndiye." Mama Recheli alikuwa amesogea mpaka mwanga wa mikwaruzo ukamwangukia shavuni. "Alikuwa hacheki tena. Nilimkuta hivi mara ya mwisho. Nikampa uji, nikaondoka. Nilikuwa na palizi." Akagusa kitambaa kwa ncha ya kidole. "Palizi," akarudia. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Sabiri alichana ukanda wa bafta, akasita, mkono hewani. "Naomba nikufunge hapo palipoungua. Naruhusiwa?"

Eustadia alimpa kiganja. "Mama yako anajua uko hapa, Uzi?"

Aliposikia jina lile, Sabiri alikaza fundo. "Jiko ni lake. Kasema nikirudi bila wewe, nisirudi na jiko."

"Nikipiga kelele usingizini, nikuangalie nisikujue, utafanya nini?"

"Nitakuuliza. Kabla ya kugusa chochote, nitakuuliza."

"Na kama sina jibu?"

"Nitangoja hapo hapo. Nioe, Kamanda. Yaani, nikuoe. Vyovyote."

Marcelina, aliyekuwa kando ya buti zake muda wote, akacheka kwa pua. Eustadia hakucheka, ila hakuuondoa mkono. "Sijasema ndiyo."

"Nimesikia."

"Sijasema hapana."

"Hilo nimelisikia kwa masikio yote mawili."

Wakabaki hivyo, watatu na mzazi mmoja, nyuma ya mlango uliofungwa, mpaka mwanga ulipotoka ndani ya Kabula na nta ikawa nyeusi tena.

Hutapata harusi hapa. Huenda ikawepo, huenda isiwepo. Mwanamke yule bado hajalala usiku mzima. Ninachotaka kwako si machozi, machozi unayo mengi. Mtaani kwako yupo mwanamke aliyewahi kuvaa sare. Nyumba yake unaijua, unaipita. Weka chini unachosoma. Usiseme kesho, usiseme baada ya palizi. Nenda sasa, piga hodi, mwite kwa jina lake. Asipoitika, usirudi nyumbani.

Sukuma mlango.