Kiti cha Mama Theodosia

Nyumbani kwao Lizaboni, kila asubuhi Oliva huchemsha uji wa ulezi, kisha humwinua mama yake kitandani. Mama Theodosia alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia una nguvu, wa kushoto umelegea.

Oliva alimpigia simu fundi seremala Remmy. "Nitengenezee kiti kirefu, chenye mikono," alisema.

Kiti kilipokuja, kilichokuwa kirefu ni mgongo. Pa kukalia palikuwa chini kama kigoda. Mama alipojaribu kuinuka, alianguka akaumia goti.

"Usihangaike tena, mwanangu. Nitalala tu," alisema.

Maneno hayo yalimchoma Oliva.

Jioni jirani yao Asma, mwalimu wa uchoraji wa kiufundi, alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu."

Asma akakitazama kiti. "Oliva, maneno peke yake hayatoshi. Mchoree fundi."

"Sijui kuchora, dada."

"Rula unaijua?"

Asma akachora sanduku moja kwa njia tatu.

"Hili la kwanza, uso wake wa mbele unakutazama wazi. Ubavu umekwenda mshazari. Huu ni mchoro wa obliki. Ni rahisi, ila kina huonekana kimezidi, ndiyo maana wengi hukichora nusu. La pili, mistari inakaribiana kadiri inavyokwenda mbali, kama barabara ya Peramiho machoni pako. Linapendeza, lakini hulipimi kwa rula. La tatu, kona ndiyo imekuelekea. Pande mbili zinapanda kwa nyuzi thelathini. Urefu, upana na kina vyote huchorwa kwa kipimo kimoja. Huu ni aisometriki."

"Basi fundi anaweza kupima humu humu?"

"Ndiyo."

Wakampima mama, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Mara mama akasema, "Mkono wa kulia wa kiti uje mbele zaidi. Ndio nitakaousukuma."

Oliva alifuta mara nne. Mara ya tano, kiti kilisimama karatasini.

"Kumbe!" Remmy alisema alipoletewa mchoro. "Uliposema kirefu, nikawaza mgongo. Sasa nakiona kabla sijakata ubao."

Ijumaa kiti kikaletwa. Mama aliketi, akashika mkono wa kulia wa kiti, akajisukuma. Oliva akanyoosha mikono amdake.

"Niache."

Akasimama, akamtazama binti yake.

"Haya, keti wewe sasa, Oliva. Umechoka."