Matunzo Humfuata Mtoto

Mbona kaka yangu aliendelea kumtumia mtalaka wake pesa za matunzo ya watoto, ilhali watoto wenyewe walikuwa wakila, wakilala na hata wakiugua kwetu? Mwaka mzima nilijiuliza swali hilo, nisipate jibu.

Kaka ni fundi cherehani. Watoto wake wawili walihamia kwake mama yao alipopata kazi ya usimamizi wa hoteli katika mji mwingine. Hata hivyo, kila mwisho wa mwezi kaka alituma.

Asubuhi moja tukiwa dukani kwake, alimwita binti yake amtungie uzi kwenye sindano. Mtoto alijaribu mara nne. Kila mara uzi ulipita pembeni ya sindano.

"Uvivu tu," kaka alisema.

"Uvivu wapi! Haoni!" nilifoka. "Mwalimu ameandika barua mbili kuhusu miwani. Pesa ziko wapi, kaka?"

"Nimeshatuma. Amri ya mahakama ni amri."

"Amri ya kumlisha nani? Mtoto si huyu hapa?"

Mpiga pasi wetu aliangua kicheko. "Unataka fundi adai matunzo kwa mwanamke? Basi ajishonee na gauni kabisa!"

Kaka aliinama, akakanyaga cherehani kwa hasira. Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Kaka aliogopa kuchekwa.

Jirani yetu, afisa wa ustawi wa jamii, alikuwa pamoja na wateja wengine akisubiri sketi yake ipindwe. Aliweka mkoba chini.

"Fundi, amri hiyo ilitolewa watoto wakiwa kwa mama yao?"

"Ndiyo."

"Walipohamia kwako, ulirudi mahakamani kueleza?"

"Nieleze nini tena? Tulielewana kwa simu."

"Mahakama haikuwa kwenye simu hiyo."

"Basi mwezi huu situmi!"

"Usithubutu! Amri husimama mpaka mahakama yenyewe iibadilishe. Ukiacha kulipa kwa uamuzi wako, utajikuta na deni. Peleka maombi. Beba nakala ya amri, barua ya shule inayoonyesha watoto wanaishi kwako, na risiti za pesa ulizotuma. Hakimu atapima uwezo wa kila mzazi. Mama naye anaweza kuagizwa achangie."

"Na pesa za kumtunza mama mwenyewe baada ya talaka?" niliuliza.

"Hayo ni mambo mengine, yana masharti yake. Msiyachanganye. Matunzo ya mtoto ni haki ya mtoto, humfuata aliko."

Binti alikuwa bado anahangaika na sindano, jicho moja amelifumba. Kaka alimtazama. Akaichukua ile sindano taratibu, akatoka nje kupiga simu.

Aliporudi, alisimama katikati ya duka.

"Nimemweleza mama yao. Amenuna, lakini amesikia. Jumatatu sifungui. Naenda mahakamani kuomba amri ibadilishwe, na yeye achangie kadiri ya uwezo wake. Anayetaka kucheka acheke. Nguo zenu mtazipata Jumanne."